Bibie na Kamera Iliyogeuzwa Shingo

Bibie Harithi wa Nachingwea hakuwahi kubembeleza mtu, na hakuona sababu ya kuanza. Ukienda kwake na picha ya harusi umefumba macho, anakwambia umefumba macho. Ukitaka akufumbue kwa kompyuta anakwambia siku ya harusi ulikuwa wapi usifumbue mwenyewe. Lakini watu walimwendea. Kazi yake ilikuwa safi, na siri ukimwachia umeiacha kisimani.

Alizaliwa Mbekenyera, upande wa Ruangwa, kwa watu wa korosho na ufuta. Miaka ya tisini akaolewa na Lukman, mpiga picha wa Nachingwea. Wakati ule mikanda ya picha ilikuwa inapelekwa Mtwara kusafishwa. Lukman akawa anaipeleka mwenyewe, safari zikazidi picha, mwisho akaoa huko huko Mtwara na hakurudi hata kuchukua shati. Aliacha kamera moja, pazia lenye maua na kiti cha wateja. Ndugu wakamwambia Bibie auze vyote arudi shamba.

"Aliyeondoka ni mume," Bibie akajibu. "Macho yangu hayakuondoka."

Akapiga picha. Akaja akapata kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, akawa anachukua maharusi. Vijana wakamcheka kwa kuvaa suruali chini ya gauni. Yeye akawauliza kama wamewahi kupanda mti na sanduku begani wakiwa wamevaa gauni tupu. Baadaye zikaja kamera ndogo na kompyuta, akajifunza kukata na kuunga, kuweka nyimbo na majina. Si kwamba aliipenda kompyuta. Aliiona kama mwanafunzi mkaidi, ambaye huwezi kumwacha kwa sababu umeshamlipia ada.

Kazi iliyompa heshima kuliko zote ilikuwa ya unyago. Upande ule binti anapokua huwekwa ndani, kisha huchezwa. Makungwi humfundisha kwa ngoma na nyimbo namna ya kuishi na watu, na yanayofundishwa mle si ya masikio ya mwanaume, seuze macho yake. Mpiga picha mwanaume husubiri nje mpaka siku mabinti wanapotolewa na khanga mpya. Bibie yeye alichezwa, kwa hiyo aliingia. Na hata yeye, mafundisho yakianza, alifunika kamera kwa kitambaa na kuisukuma chini ya kitanda. Alichukua yale tu mama wa mwali aliyoyaruhusu, na mkanda akaukabidhi kwa mama huyo mkononi.

Sasa mwaka 2009, mwezi wa sita, shule zimefungwa na ufuta umeanza kuingia maghalani, pikipiki ikasimama mbele ya studio yake. Akashuka kijana mmoja amevaa miwani ya jua, anatafuna ubani wa mpira kama mbuzi aliyepata gazeti. Jina lake Brighton, karani wa tajiri Gregori, mnunuzi wa ufuta wa Ruangwa. Tajiri na karani wote walikuja na biashara kutoka mikoa ya mbali. Gregori ndiye aliyekuwa wa kwanza pale Ruangwa kuweka kamera za ulinzi ghalani, na watu walikuwa wanakwenda kuzishangaa kama wanaangalia bundi mchana.

"Sista, nina kazi ndogo," Brighton akasema, akaweka flashi mezani.

"Mimi si sista, sijaingia utawa. Sema."

"Tumeibiwa ufuta. Mwizi tumemnasa kwenye kamera. Mama mtendaji wa kata anataka aone mwenyewe ofisini kwake, mbele ya wazee, na faili linagoma kufunguka kwenye kompyuta yake. Nataka ulifungue, unikatie kipande kimoja. Kinaanzia hapo asubuhi bibi anaingia ghalani, mpaka anatoka na furushi. Basi. Hayo mengine achana nayo, hata usihangaike kuyatazama."

"Bibi gani?"

"Si kale kabibi kanakopepeta ufuta. Mwanaima sijui nani. Tajiri ameshamwita mwizi pale pale mlangoni pa ghala, wapepetaji wote wanasikia."

Mwanaima alikuwa somo yake Bibie. Ndiye aliyemshika kichwa siku alipochezwa, ndiye aliyemfundisha. Na kwa watu wa kule somo hapungui kwa mama hata chembe. Akivuliwa nguo yeye sokoni, uliye uchi ni wewe.

Brighton hakulijua hilo. Aliona suruali, aliona kompyuta, akadhani amekutana na mtu wa mjini mwenzake. Wageni wengi hukosea hapo, huhesabu nguo wakasahau kuuliza mtu alichezwa na nani.

Bibie, kwa mara moja katika maisha yake, akafunga mdomo.

"Acha hiyo flashi," akasema. "Ikiwa tayari nitaileta Ruangwa mwenyewe."

Alipoichomeka, programu yake ya kukatia video ikakataa. Faili halitambuliki. Akaangalia jina lake, akasonya. Brighton alikuwa amebadilisha herufi za mwisho za jina ili lifanane na video za kawaida, kwa akili kwamba mbuzi ukimwita ng'ombe atatoa maziwa ya ng'ombe. Ukilifungua kwa nguvu unaona michirizi ya kijani na kipande cha mguu wa mtu. Bibie akalirudishia jina lake la zamani.

Lakini nalo hilo jina la zamani kompyuta haikulijua. Watengenezaji wa mitambo ile ya kamera ndivyo walivyo, kila mmoja anafunga picha zake kwa namna yake, zisifunguke ila kwa chombo chake mwenyewe. Umenunua mtambo, umeweka umeme, picha ni za ghala lako, na bado ukitaka kuziona kwingine uombe ruhusa. Uchoyo wa namna hiyo Bibie aliuchukia kuliko wizi.

Akachimba ndani ya flashi. Bahati, mtambo ulipomwaga picha ulimwaga pia programu yake ndogo ya kuzitazamia, na Brighton hata hakuigusa, maana haikuwa na jina la kuvutia. Bibie akaifungua. Picha zikaja safi. Ndani yake mlikuwa na kitufe cha kuhamisha picha kwenda kwenye aina ambayo kompyuta zote zinaijua. Akakibonyeza, akaenda kupika ugali, akarudi, akala, bado inahama. Brighton hakujua kukata, alikuwa amemwaga siku nzima, kama mtu aliyetumwa chumvi ya kijiko akabeba gunia.

Ilipomaliza, programu ya kukatia ikakubali kulipokea faili. Lakini watu ndani yake walikuwa wanakimbia kama kuku waliofunguliwa alfajiri. Mzee anavuka uwanja kama ana mabawa! Bibie akajua tatizo. Kamera ya ulinzi hupiga picha chache kila sekunde ili isijaze mtambo, na programu yake ilikuwa inazisoma haraka haraka kama za harusi. Ukipeleka hivyo kwa mtendaji, hata mtu anayefagia ataonekana anatoroka. Akaiambia programu hesabu ya kweli. Kisha akaweka saa yake ya mkononi kando ya kioo, akatazama na saa iliyoandikwa pembeni mwa picha. Zikaenda pamoja. Hapo ndipo akaamini anachokiona.

Akaona mlango wa nyuma wa ghala. Mwanaima anaingia na ungo na fagio. Baadaye anatoka na furushi la khanga kichwani, kapembe kamoja kamefunguka, makapi yanapeperuka. Makapi ya ufuta, ya kuku wake, ambayo wapepetaji wote huruhusiwa. Nyuma yake anatoka Brighton, anafunga kufuli, analivuta kuhakikisha limeshika.

Brighton alitaka kipande kiishie kwenye furushi, kabla yeye mwenyewe hajatokea.

Bibie akaacha picha iendelee. Kwa muda mlango ulikuwa mlango. Kisha picha ikatikisika, kidole kikubwa kikapita, na sura ya Brighton ikajaa kioo chote, matundu ya pua kama mapango, ulimi umebanwa na meno kwa kazi ya kugeuza kamera. Mlango wa ghala ukaondoka kwenye picha. Ukaingia ua wa jirani, wenye uzio mpya wa majani. Ndani ya uzio wanawake. Katikati yao mabinti wamekaa chini wamefunikwa khanga, na Mwanaima amesimama mbele yao, amejifunga kibwebwe, anafundisha.

Bibie akazima kioo.

Mate yalimjaa mdomoni machungu kama ametafuna kidonge. Akatoka nje akatema, akarudi, akakaa, akatoka tena akatema. Watu wazima, wenye ndevu na ghala, wamepanda ngazi kuchungulia kungwi akiwafunda watoto! Hata mwizi wa ufuta ana njaa yake. Hawa walikuwa na njaa gani?

Lakini ilimbidi ajue mambo yalivyokwenda. Akakata boksi la sabuni, akalibandika juu ya kioo, akaacha wazi pembe yenye saa na upande ule tu alipokuwa Mwanaima. Picha ikasonga. Kilemba cha Mwanaima hakikuondoka pale uani mpaka jua lilipolala. Ndipo picha ikatikisika tena, kamera ikarudishwa mlangoni. Na kufuli sasa lilikuwa linaning'inia wazi.

Ufuta uliibiwa wakati kamera inawachungulia wanawake. Nani aliiba, haikuonekana, wala haitaonekana.

Bibie akafunga studio akapanda basi dogo la Ruangwa.

Alimkuta Mwanaima kibarazani anachambua kisamvu. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kumwona mwizi?"

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Watu wakipita hapa siku hizi wanashika mifuko yao. Na wewe shika wako."

"Somo, nimeona picha zao zote. Umeonekana. Ulikuwa uani mpaka jua likazama, unafundisha. Kamera waliigeuzia kwenye ua wenu. Nikizionyesha, umepona."

Mwanaima akaweka kisamvu chini.

"Wameona?"

"Wameona."

Mwanaima akajifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, kana kwamba uchafu ule ulimshika yeye.

"Na wewe sasa unataka na wazee wa baraza waone."

"Nataka usiitwe mwizi."

"Watoto wale mama zao waliwaleta kwangu wamefunikwa. Mimi nijisitiri kwa kuwaanika wao? Potelea mbali. Waniite mwizi mpaka waniingize kaburini."

"Mtendaji ni mwanamke. Aone yeye peke yake."

"Amechezwa?"

"Mama Valentina ni mtu wa mbali, kwao hawachezi."

"Basi haoni."

"Somo, una kichwa kigumu!"

"Ulidhani chako ulikitoa wapi?"

Bibie akakaa chini, akavuta kisamvu, akaanza kuchambua naye. Walichambua mpaka ungo ukajaa. Kisha akasema, "Nitawapa mlango. Mlango tu. Ua nitauziba weusi, waione saa peke yake inatembea."

"Na wakitaka kujua nyuma ya weusi kuna nini?"

"Wakitaka, tutawaona wao."

Siku ya shauri ofisi ya kata ilijaa. Mama Valentina, mtendaji, alikaa mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Wazee wa baraza walikaa kwenye benchi, na kati yao Mzee Mbaruku, aliyejulikana kwa kuchangia hata yasiyomhusu. Gregori alivaa koti, joto lote lile. Bibie alikuwa amegeuza video yake mara ya pili, akaichoma kwenye sidii ya kawaida, inayokubali kwenye deki yoyote ya televisheni. Hakutaka mtu asimame aseme mashine imekataa.

Picha ikaanza. Mwanaima akaingia, akatoka na furushi.

"Mnaona!" Gregori akasimama. "Furushi hilo!"

"Subiri, tajiri, bado," Bibie akasema.

Brighton akatokea kwenye picha, akafunga kufuli, akalivuta. Mama Valentina akaomba irudishwe. Akatazama tena.

"Kwa hiyo huyu mama ametoka, na wewe karani ndiye uliyefunga?"

Brighton akatafuna ubani wake. Kisha sura yake ikajaa televisheni nzima, matundu ya pua, ulimi na yote. Chumba kikalipuka kicheko. Halafu weusi, na saa pembeni inatembea.

"Hapa pameharibika!" Gregori akasema haraka. "Mtendaji, huyu fundi ameharibu ushahidi!"

"Hapajaharibika. Nimepaziba mimi." Bibie akasogeza picha mbele mpaka kamera iliporudi. Mlango ule ule, kufuli wazi. "Ufuta umetoka wakati wa weusi huu. Muulizeni karani kamera ilikuwa inatazama wapi."

Mzee Mbaruku akajikohoza. "Lakini, mwanangu, ushahidi ni ushahidi. Huwezi kutupa mchuzi ukaficha nyama. Toa hicho kiziba, tuone wote, tupime kwa haki."

"Tuone! Tuone!" wengine wakadakia, na ungeapa haki imewawasha ghafla mwili mzima.

Ndipo Mwanaima akasimama.

"Mbaruku," akasema. "Unataka kuona nini? Ni unyago. Mjukuu wako Dionisia hayumo?... La, huyo ni wa jirani. Wako ni Swaumu. Swaumu yumo mle ndani, amekaa wa pili kutoka kwangu. Nikufungulie?"

Mzee Mbaruku akaangalia viatu vyake. Benchi zima likaangalia viatu, maana hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba wa kwake hayumo.

Mama Valentina akamgeukia Brighton. "Kijana, uligeuza kamera ya ghala ikachungulie unyago?"

Gregori akamrukia karani wake kabla hajajibu. "Mpumbavu wewe! Nimekuajiri ulinde mali au uchungulie wanawake?"

"Lakini bosi," Brighton akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonewa kweli, "si wewe mwenyewe ulisema geuza kidogo, tujue hawa wanafundishana nini? Ukavuta na kiti mbele ya kioo!"

Loo! Hakuna aliyecheka safari hii. Kulikuwa na wanawake wamejazana dirishani, na kutoka kwao ulitoka msonyo mmoja mrefu, ulioanzia upande huu wa dirisha ukaishia upande wa pili.

Mama Valentina akafunga shauri. Mwanaima hana kosa. Mtambo wa kamera uletwe pale pale, ufutwe. Gregori akalalamika kwamba ndani yake mna ushahidi wa wizi.

"Wizi upi?" mtendaji akauliza. "Kamera yako ilikuwa kazini kwingine."

Mtambo ukaletwa. Bibie akaufuta wote, siku zote, akaurudia tena kufuta, kisha akautia kitu kisicho na maana mpaka ukajaa, akafuta mara ya tatu. Flashi nayo akaenda nayo chooni, kwenye choo cha shimo nyuma ya ofisi. Brighton akamfuata nyuma nyuma.

"Sista, ile flashi ni yangu binafsi."

"Ifuate," Bibie akamwambia. "Shimo si refu sana."

Watu walidhani yamekwisha, wakaanza kwenda zao. Mwanaima hakwenda. Alimsimamia Gregori mlangoni mwa ofisi.

"Uliniitia wapi mwizi?"

"Mama, yameisha. Mtendaji amesema."

"Sikuitwa mwizi na mtendaji. Uliniitia wapi?"

Ikabidi aende. Mbele Gregori na koti lake, nyuma Mwanaima, nyuma yake Bibie na wanawake wa dirishani, mpaka ghalani. Wapepetaji walikuwa kazini, vumbi la ufuta limewajaa kwenye nyusi. Wakasimamisha nyungo zao.

Gregori akatazama chini, akasema kitu.

"Sikusikia," Mwanaima akasema.

"Nimesema huyu mama si mwizi."

"Huyu mama ana jina."

"Mwanaima si mwizi."

"Wale wa mwisho kule hawakusikia."

Gregori akavuta pumzi. Jasho lilikuwa linamtoka hata kwenye masikio. Akapaza sauti, karibu kupiga kelele, kwamba Mwanaima si mwizi, hakuiba, alimsingizia. Kisha, kwa sauti ya chini na laini, akamwambia kesho arudi kazini, ungo wake bado upo.

Mwanaima akaingia ghalani akautafuta ungo wake kati ya nyungo za wenzake, akaukung'uta makapi yote pale pale kwenye viatu vya tajiri, akaubana kwapani.

"Twende, somo," akamwambia Bibie. "Hapa pananuka."